Jibu kwa msomaji: machapisho ya Hermann Staudinger yasomwe vipi?

Swali: Shikamoo, Daktari. Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari niliyerudi chuoni kusoma shahada ya uzamili. Nimepewa kazi ya kueleza maisha ya kitaaluma ya mkemia mmoja wa polima kwa kutumia machapisho yake, nami nimemchagua Hermann Staudinger. Orodha yake imenichanganya: keteni, dawa ya wadudu, harufu ya kahawa, mpira, selulosi, kisha biolojia. Je, kuna uzi mmoja unaopita humo? Pili, vitabu vinasema makala yake ya 1920 ndiyo iliyothibitisha kwamba molekuli kubwa zipo, lakini aliyenitafsiria Kijerumani chake ananiambia karibu hamna jaribio jipya ndani yake. Tatu, ni kweli kwamba kanuni yake ya mnato, yaani uzito wa kimiminika kutiririka, ilikuwa na makosa? Kama ni kweli, alipewaje Tuzo ya Nobel?

Jibu: Marahaba, Mwalimu. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu likikaa sawa hayo mengine mawili hayatatusumbua sana. Aliyekutafsiria makala ya 1920 hakukosea. Makala hiyo, iitwayo "Über Polymerisation", yaani "Juu ya Upolimishaji", ilitoka katika jarida la Berichte la Chama cha Wakemia wa Ujerumani, Staudinger akiwa profesa mjini Zürich mwenye umri wa miaka 39, na ndani yake anajenga hoja zaidi kuliko anavyopima. Anachukua mambo ambayo wakemia walikuwa wameshayaona, anayapanga upya, kisha anapendekeza kwamba polistireni, polima ya formaldehidi na mpira wa asili ni minyororo mirefu ambayo viungo vyake vimeshikana kwa bondi zilezile za kawaida zinazoshikanisha atomi katika molekuli ndogo. Hilo lilikuwa pendekezo. Uthibitisho ulimgharimu zaidi ya miaka kumi, wanafunzi wengi na makala nyingi ambazo vitabu vya kiada havizitaji kwa majina, na hiyo ndiyo sababu kazi yako haiwezi kusimama juu ya makala moja hata kama ndiyo inayotajwa kila mahali.

Ili uone uzito wa pendekezo lenyewe, ni lazima ujue wapinzani wake waliamini nini, maana mara nyingi wanasimuliwa kama watu wasioona mbali, jambo ambalo si haki. Carl Harries, aliyekuwa bingwa wa kemia ya mpira mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwa ameupasua mpira kwa ozoni na kupata vipande vidogo vinavyojirudia. Kutokana na vipande hivyo alihitimisha kwamba molekuli ya mpira ni pete ndogo yenye isopreni mbili, yaani vipande viwili vya kaboni tano tano, na kwamba pete nyingi za namna hiyo hukusanyika pamoja kwa mvuto dhaifu unaotoka kwenye bondi zake maradufu. Kwa maelezo hayo, unyumbufu na mvutiko wa mpira vilikuwa tabia za mkusanyiko, kama tope lilivyo na tabia ambazo chembe moja ya udongo haina. Waliochunguza selulosi, kijenzi cha nyuzi za mimea, kwa eksirei nao walikuwa na hoja yao. Chumba kidogo kabisa kinachojirudia katika fuwele ya selulosi kilionekana kuwa kidogo mno, nao walishikilia kwamba molekuli haiwezi kuwa kubwa kuliko chumba inamokaa. Hoja hiyo ilikuwa na kosa, kwa kuwa mnyororo mmoja unaweza kupita katika vyumba vingi mfululizo kama uzi unavyopita katika shanga, lakini ilichukua muda hata wataalamu wa eksirei wenyewe walipokiri hivyo.

Sasa tuje kwenye uzi unaoutafuta. Staudinger alizaliwa Worms tarehe 23 Machi 1881, mwana wa mwanafalsafa Franz Staudinger. Alitamani kusoma botania, akashauriwa kwamba mtu hawezi kuielewa mimea vizuri bila kuijua kemia kwanza, akaingia kwenye kemia na hakutoka tena, ingawa utaona jinsi botania ilivyomrudia uzeeni. Alipata udaktari Halle mwaka 1903 chini ya Daniel Vorländer, kisha akahamia Strasbourg kwa Johannes Thiele. Huko mwaka 1905 aligundua keteni akiwa anatafuta kitu kingine kabisa: alitaka kutengeneza radikali huru, yaani molekuli yenye elektroni isiyo na mwenza, kwa kuondoa klorini kwa zinki, akapata jamii mpya ya kemikali zinazowaka hamu ya kuungana na karibu kila kitu, pamoja na zenyewe kwa zenyewe. Utafiti huo ndio uliompatia uprofesa Karlsruhe mwaka 1907, na mwaka 1912, alipoitwa Zürich kushika nafasi ya Richard Willstätter, alitoa kitabu kizima juu ya keteni.

Hapo pa keteni kuungana zenyewe kwa zenyewe ndipo uzi unapoanzia, na ningekuomba upaandikie ukurasa mzima. Keteni mbili zikiungana, kitu kinachopatikana kimeshikanaje? Staudinger alisema kwamba zimefunga pete ya kweli yenye kaboni nne, kwa bondi za kawaida. Georg Schroeter alisema hapana, ni molekuli mbili zilizoegemeana tu kwa mvuto wa pembeni. Ukiutazama vizuri ubishi huo utaona kwamba ni ubishi uleule wa mpira, tofauti ikiwa kwamba huku viungo ni viwili na kule ni maelfu. Makala ya 1920 inaugusa ubishi wa keteni kabla haijaufikia mpira, na anayeirukia sehemu ya mpira moja kwa moja hupotewa na sababu ya mtu wa keteni kujiingiza mahali ambapo wengine walimwona mgeni. Kuna na kinaya kidogo ndani yake: wazo la mvuto wa ziada unaobaki kwenye bondi maradufu, ambalo Harries na wenzake waliliegemea, lilikuwa limetolewa mwaka 1899 na Thiele, yuleyule ambaye baadaye alimpa Staudinger nafasi ya kwanza ya utafiti wa kujitegemea. Mwanafunzi alikuwa anaibomoa nyumba ya mwalimu wake, nasema hivyo bila kumlaumu.

Mambo mengine yaliyomo kwenye orodha, yaani dawa ya wadudu na kahawa, ni matawi, na sishauri uyalazimishe kuingia katika hoja ya polima. Hata hivyo usiyapuuze, kwa kuwa mawili kati yake yanatugusa huku kwetu. Akiwa Zürich pamoja na Leopold Ružička alichunguza ni kitu gani hasa kilichomo katika maua ya pareto kinachoua wadudu, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 1924 kwa mfululizo katika jarida la Uswisi la Helvetica Chimica Acta. Walitambua kwamba kuna viini viwili vya aina moja, wakaeleza asidi zake pamoja na pete yake ya kaboni tatu, na ingawa sehemu ya pili ya molekuli ilikuja kusahihishwa na wengine katika miaka ya 1940, msingi wao ulibaki. Mkulima wa pareto wa nyanda za juu za Kenya au za kusini mwa Tanzania hajawahi kulisikia jina hilo, lakini kinachofanya maua yake yapimwe na kununuliwa ni kiini ambacho watu hao wawili walikuwa wa kwanza kukieleza kwa undani. Kuhusu kahawa, yeye na Tadeus Reichstein walichambua harufu ya kahawa iliyokaangwa na kuonyesha kwamba kemikali moja yenye salfa, inayotokana na furfurali, ina mchango mkubwa kwa kiasi kidogo sana. Ružička alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1939 na Reichstein mwaka 1950, yaani wote wawili kabla ya bwana wao.

Tawi jingine ni la mwaka 1919, aliloliandika na Jules Meyer: azidi (kemikali yenye naitrojeni tatu mfululizo) ikikutana na fosfini (kemikali ya fosforasi), naitrojeni hutoka na bondi mpya kati ya fosforasi na naitrojeni hufungwa. Kwa miaka mingi lilikuwa jambo la maabara tu. Mwaka 2000 Carolyn Bertozzi na mwenzake walilirekebisha likaweza kufanya kazi juu ya chembe hai, na Bertozzi ni mmoja wa waliopata Nobel ya kemia mwaka 2022. Vivyo hivyo, mwaka 1907 Staudinger aliunganisha keteni na imini, kemikali yenye bondi maradufu kati ya kaboni na naitrojeni, akapata pete ya beta-laktamu ya kwanza kutengenezwa na mtu, miongo kadhaa kabla ya kujulikana kwamba penisilini ina pete kama hiyo. Ninayataja haya kwa kifupi ili uweze kumjibu msimamizi wako akikuuliza kama Staudinger angekumbukwa asingeigusa polima hata moja. Angekumbukwa, tena vizuri tu, na kwa sababu hiyo uamuzi wake wa kuacha kemia ya molekuli ndogo uliwashangaza wenzake: hakuwa mtu aliyekosa pa kwenda.

Turudi kwenye uthibitisho. Makala ambayo mimi ningeiweka juu ya ile ya 1920 ni ile aliyoiandika na Jakob Fritschi mwaka 1922 katika Helvetica Chimica Acta, juu ya kuutia mpira haidrojeni. Fikiri pamoja nami uzuri wa jaribio lenyewe. Kama Harries alikuwa sahihi, pete ndogo za mpira zinashikana kwa sababu ya bondi maradufu zilizomo. Ukizijaza bondi hizo kwa haidrojeni, gundi inapotea, mkusanyiko unasambaratika, na unabaki na kimiminika chepesi cha haidrokaboni ambacho unaweza kukichemsha na kukikusanya kama mafuta mengine yoyote. Walifanya hivyo kwa joto, shinikizo na kichocheo. Kilichopatikana hakikuchemka wala hakikupita kwenye mtambo wa kutoneshea. Mmumunyo wake ulibaki mzito na wenye tabia zilezile za mpira. Gundi ilikuwa imeondolewa na jengo lilikuwa bado limesimama, kwa hiyo jengo halikuwa limeshikwa na gundi ile. Ni katika makala hiyo neno makromolekuli, yaani molekuli kubwa, lilipotumika kwa mara ya kwanza, na wengi wanaolitumia leo wanadhani lilizaliwa 1920.

Jaribio la namna hiyo halikumtosha, na hapa ndipo unapoona mtafiti mwenye nidhamu. Mpinzani mwerevu angeweza kusema kwamba mpira una mambo yake mengi, tena ni kitu cha shambani kisicho safi. Staudinger akachukua polistireni, akaitia haidrojeni nayo, akapata jibu lilelile. Akachukua polima ya formaldehidi, ambayo ni nyepesi kueleweka kwa sababu mnyororo wake ni kaboni na oksijeni zikifuatana, akaziba ncha zake kwa vikundi vya atomi vinavyojulikana, akatenga minyororo ya urefu mbalimbali na kuonyesha jinsi tabia zake, kama vile kiwango cha kuyeyuka, zinavyobadilika hatua kwa hatua kadiri mnyororo unavyorefuka, kutoka molekuli fupi ambazo hakuna aliyezibishia hadi ndefu ambazo kila mtu alizibishia. Ni kama mtu anayekataa kwamba ngazi inafika darini: humwonyeshi dari, unampandisha kidato kimoja kimoja. Tena polima hiyo ni ya fuwele, na chumba chake cha fuwele ni kidogo kuliko mnyororo, kwa hiyo hoja ya watu wa eksirei ilipata mfano wa kuivunja.

Kisha kuna majaribio ya kubadilisha vikundi vya pembeni bila kuugusa mnyororo wenyewe, ambayo wanafunzi wangu huyasahau kila mwaka. Ukigeuza asetati ya polivinili kuwa pombe ya polivinili, au ukigeuza selulosi kuwa asetati yake, na idadi ya viungo katika mnyororo ikabaki ileile, mkusanyiko ulioshikwa na mvuto dhaifu hauwezi kuwa umefanya hivyo. Badiliko la kemikali la pembeni lingebadilisha mvuto, na mvuto ungebadilisha ukubwa wa mkusanyiko. Kwa mtu anayetoka nchi ya mkonge jambo hili halipaswi kuwa geni: singa ya mkonge unaweza kuiosha, kuianika na kuitia rangi bila kukatika, kwa kuwa nguvu yake imo katika minyororo mirefu ya selulosi iliyolala kufuata urefu wa singa, na yaliyo pembeni ya minyororo hiyo ni habari nyingine.

Upinzani wenyewe ulikuwa mkali. Katika kumbukumbu zake za kazi, alizozichapisha mwaka 1961, Staudinger anaeleza kwamba Heinrich Wieland, mkemia aliyeheshimiwa sana, alimshauri kwa nia njema aachane na wazo la molekuli kubwa na ausafishe mpira wake vizuri, kwa kuwa ukisafishwa ungekuwa fuwele na kuonekana kuwa kitu chenye molekuli ndogo. Mwaka 1926, katika mkutano wa wanasayansi na matabibu wa Ujerumani mjini Düsseldorf, Staudinger aliketi pamoja na watetezi wa mkusanyiko, akina Max Bergmann na Hans Pringsheim, pamoja na Herman Mark, ambaye kwa upande wa eksirei alieleza kwamba chumba kidogo cha fuwele hakizuii molekuli kuwa kubwa. Mwaka huohuo alihamia Freiburg, akakalia kiti ambacho Wieland alikuwa amekiacha. Sioni sababu ya kulichora tukio la Düsseldorf kama siku ya ushindi. Waliobadilika walibadilika polepole, na kazi ya Wallace Carothers huko Marekani kuanzia 1929, aliyeijenga minyororo kiungo kwa kiungo kwa athari za kemikali ambazo kila mkemia alizifahamu, ilivuta wengi kuliko hotuba yoyote iliyotolewa Ujerumani.

Swali lako la tatu ni gumu zaidi, nami ninalipenda kuliko yote. Tatizo la Staudinger katika miaka ya 1920 lilikuwa kupima. Njia za kawaida za kupata uzito wa molekuli, kama kushuka kwa kiwango cha kuganda kwa mmumunyo, hufifia kabisa molekuli zinapokuwa kubwa, kwa sababu idadi yake katika mmumunyo inakuwa ndogo mno kuweza kuathiri kipimajoto. Mashine ya kuzungusha kwa kasi ya Theodor Svedberg huko Uppsala ingemfaa, lakini ilikuwa ghali na si ya kila maabara. Akageukia chombo cha kioo chenye mrija mwembamba: unapima muda ambao kimiminika kitupu kinatumia kushuka, kisha muda wa mmumunyo wa polima, na tofauti yake inakupa mnato ambao polima imeuongeza. Mwaka 1930, pamoja na W. Heuer, alichapisha vipimo vya polistireni na kudai kwamba mnato huo, ukigawanywa kwa wingi wa polima katika mmumunyo, unaongezeka sawia na uzito wa molekuli. Mnyororo ukiwa na urefu maradufu, mnato nao maradufu.

Kanuni hiyo ina makosa mawili, nayo ni vizuri uyatenganishe. La kwanza ni picha. Staudinger aliiona molekuli yake kama fimbo nyembamba iliyonyooka, na alibishana kwa miaka na Mark, Kurt H. Meyer na wengine waliosema kwamba mnyororo unajikunjakunja. Werner Kuhn alipoeleza mwaka 1934 kwamba mnyororo katika mmumunyo ni kama uzi uliojivuruga ovyo, hesabu ilionyesha kwamba mnato haupandi sawia na uzito. Na kinachochekesha ni kwamba hata fimbo ya kweli isingeitii kanuni ya Staudinger, kwa kuwa mnato wake ungepanda kwa kasi zaidi. Kosa la pili ni la namba. Umbo la kanuni linalotumika leo, linalobeba majina ya Mark na Houwink, huweka kipeo (namba ya kupandishia, kama 2 katika mraba) juu ya uzito, na kwa polima nyingi zinazojikunja kipeo hicho huwa kati ya 0.5 na 0.8. Chukua 0.7 kwa mfano. Ukiona mnato wa sampuli ni mara 10 ya sampuli uliyoijua uzito, Staudinger angekuambia uzito ni mara 10. Kwa kipeo cha 0.7 ni karibu mara 27. Kwa maneno mengine, mtu aliyetukanwa kwa kuzikuza molekuli mno alikuwa, katika majedwali yake mwenyewe, anazipunja.

Sasa, je, kosa hilo linaiangusha kazi? Kwangu mimi haliiangushi, kwa sababu swali la miaka hiyo lilikuwa kama uzito ni mia chache au ni makumi ya maelfu na zaidi, na chombo cha kioo kilichopunguza jibu mara mbili au tatu bado kilitosha kulijibu. Tena kwa baadhi ya miyeyusho ya selulosi, ambayo minyororo yake ni migumu kiasi, kipeo hukaribia 1, na huko kanuni yake ilifanya kazi vizuri kuliko alivyostahili kutarajia. Viwanda viliikumbatia kwa kuwa ilikuwa rahisi na ya haraka. Ninachomlaumu ni kitu kingine: aliitetea fimbo iliyonyooka kwa muda mrefu baada ya vipimo vya wengine kuonyesha vinginevyo, na makala zake za miaka ya 1930 zina ukali dhidi ya Mark na Meyer ambao haukumsaidia yeye wala fani. Mwanafunzi akiniandikia tasnifu ya kumsifu Staudinger bila kuligusa hilo ninamrudishia.

Kitabu chake kikubwa cha 1932, juu ya misombo ya kaboni yenye molekuli kubwa, mpira na selulosi vikiwa mifano yake mikuu, ndicho kinachokusanya hoja zote nilizokueleza. Humo utayaona majaribio ya haidrojeni, ya formaldehidi, ya vikundi vya pembeni na ya mnato yakiegemeana, na utaelewa jinsi anavyofikiri: hakuna jaribio analoliacha lisimame peke yake. Kama una nafasi ya kutafsiriwa kitu kimoja tu, omba sura zake za mwanzo kabla ya kuomba makala ya 1920. Tena zingatia kwamba makala zake za polima alizichapisha zikiwa na namba za mfululizo chini ya kichwa kimoja kikuu. Fuata namba hizo badala ya kufuata majarida na utaona mpango wake waziwazi.

Baada ya hapo orodha inabadilika sura, na sababu si za kikemia peke yake. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Staudinger, akiwa Uswisi, alikuwa ameandika dhidi ya kuendeleza vita na baadaye kubishana na mkemia Fritz Haber juu ya gesi ya sumu. Wanazi waliposhika madaraka, mwanafalsafa Martin Heidegger, akiwa mkuu wa Chuo Kikuu cha Freiburg, alimshtaki kwa mambo hayo mwaka 1934 na kupendekeza aondolewe kazini. Hakuondolewa, lakini alibanwa, na safari zake za nje zikawa ngumu. Mwaka huohuo gazeti la chama tawala lilitoa makala yake ya kueleza umuhimu wa kemia kwa taifa la Ujerumani. Makala hiyo iingize katika kazi yako na uieleze ilivyo, kama andiko la mtu aliyekuwa chini ya shinikizo na akachagua kubaki. Ukiificha utakuwa umechagua machapisho yanayompendeza msomaji.

Mwaka 1940 aliwekwa kuongoza taasisi ya utafiti wa kemia ya makromolekuli mjini Freiburg, na shambulio la ndege la tarehe 27 Novemba 1944 likaiharibu vibaya. Vita vilipokwisha alianzisha jarida la Die Makromolekulare Chemie mwaka 1947, ambalo lipo hadi leo kwa jina jingine la Kiingereza. Kuanzisha jarida ni aina ya chapisho ambalo orodha za kawaida hazilihesabu, nawe ulihesabu: fani iliyokosa mahali pake pa kuchapishia hulazimika kuomba hifadhi kwa majirani, na majirani hao kwa Staudinger walikuwa wakemia wa molekuli ndogo na watu wa koloidi, yaani mikusanyiko ya chembe ndogo ndani ya kimiminika, wote wakiwa na sababu za kumkataa.

Mwaka huohuo wa 1947 alichapisha pia kitabu juu ya makromolekuli na biolojia, na hapo ile botania ya ujanani inarudi. Kuanzia 1928 alikuwa ameoana na Magda Woit, mtaalamu wa mimea kutoka Latvia, ambaye hakuwa msaidizi wa nyumbani anayepiga chapa miswada kama baadhi ya wasifu wa zamani unavyodokeza. Jina lake limo kama mwandishi mwenza katika makala kadhaa, na mkazo wa miaka ya baadaye juu ya protini, ukuta wa seli na nyuzi za mimea hauelezeki bila yeye. Mwanafunzi mmoja wa Staudinger, Rudolf Signer, ndiye aliyetayarisha huko Bern ile DNA nzuri ambayo Maurice Wilkins aliipata mwaka 1950 na ambayo Rosalind Franklin aliitumia katika picha zake za eksirei.

Staudinger alistaafu uprofesa mwaka 1951 na kupewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1953, akiwa na umri wa miaka 72, kwa ugunduzi wake katika kemia ya makromolekuli. Utaona kwamba maneno ya tuzo hayataji kanuni ya mnato, kwa hiyo swali lako la tatu linajibiwa na kamati yenyewe. Alifariki Freiburg tarehe 8 Septemba 1965.

Kwa kazi uliyopewa, Mwalimu, ningeandika sura tatu zisizolingana kwa urefu: fupi juu ya keteni na ubishi wa pete ya kaboni nne, ndefu sana kuanzia 1920 hadi 1932, na ya wastani juu ya Freiburg baada ya 1933. Matawi ya pareto, kahawa na azidi yaweke katika aya chache ndani ya sura ya kwanza. Na katika sura ya pili, chukua jedwali moja la polistireni la 1930, ulipige hesabu upya kwa kipeo cha 0.7, na uweke safu yako mpya kando ya safu yake. Msimamizi wako atapata kitu cha kubishana nawe, na hesabu yenyewe haitakuchukua zaidi ya saa moja.